Chupa Arobaini za Maji

Mwanafunzi mmoja alikuwa na chupa arobaini za maji. Aliitwa Nderingo, alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, na kijijini kwao kulikuwa na chemchemi mbili. Ya chini ilikuwa karibu na nyumba, maji yake maangavu. Ya juu ilikuwa mwendo wa saa nzima kupanda mlima. Watu walichota ya chini. Watoto wao waliota meno ya kahawia, wengine wakapata matege kabla ya kuanza shule, na ikasemwa kwamba ni damu ya ukoo.

Nderingo hakuiamini habari ya damu. Masika na kiangazi alichota maji ya chemchemi zote mbili, akayabeba kwa basi hadi maabara ya chuo. Vipimo vikaonyesha kwamba ya chini ilikuwa na madini ya floraidi kupita kiasi, yale yanayoharibu meno na mifupa, na ya juu ilikuwa salama. Akaenda kueleza ofisi ya maji. Ofisa alimsikiliza kwa upole, kisha akamuuliza jambo hilo limechapishwa wapi, maana hawezi kuomba bomba kwa maneno ya mwanafunzi. Kijijini Nderingo hakusema neno. Alitaka aje na jarida mkononi.

Basi akaandika makala. Mhadhiri wake, Dakta Kisanga, mama mwenye maneno machache, aliisoma yote na kumwambia aitume kwenye jarida la kitaaluma. Miezi minne baadaye majibu yakaja. Wahakiki wawili, wasomi walioipima kwa niaba ya jarida, walitaja mambo kumi na moja ya kurekebisha, na jarida likampa siku sitini. Mmoja wao alisema kazi ina faida, ila imeandikwa kama insha ya shule. Mstari huo Nderingo aliusoma mpaka ukamkaa kichwani. Mengine aliyapitia juu juu.

Dakta Kisanga alimweleza kwamba hajakataliwa, kwamba hata yeye hurudishiwa kazi zake zimejaa alama, na kwamba wakikaa pamoja wiki mbili zitatosha. Nderingo akaitikia. Lakini aibu ilikuwa imeshamwingia, na aliona heri asionekane kabisa kuliko kuonekana na kasoro. Akajiambia ataongeza chupa nyingine, atasoma zaidi, kisha ataituma ikiwa haina pa kushikwa. Siku sitini zikapita. Mitihani ikaja, mahafali yakaja, kazi ikapatikana mji wa mbali. Dakta Kisanga alimwandikia mara tatu. Ile ya tatu hakuijibu. Alimheshimu mno hata akashindwa kumwambia kwamba hajaigusa.

Ilipotimia miaka tisa, shangazi yake Ndekusura alimpigia simu aje nyumbani, kuna bomba linafunguliwa. Alipofika aliambiwa kwamba binti mmoja wa chuo kingine, naye mwanafunzi, alipita pale na kuchota chupa kumi na mbili, akaandika kurasa sita, zikachapishwa. Ofisi ya maji ikazishika kurasa hizo na kuvuta maji kutoka juu. Nderingo aliomba nakala, akaisoma amesimama. Ilikuwa na makosa. Jedwali moja hesabu yake haikulingana, na maji ya kiangazi hayakupimwa kabisa. Aliyaona makosa hayo kwa haraka sana, na kuyaona hakukumfurahisha.

Kando ya bomba alisimama Aikande, mjukuu wa shangazi, mtoto wa miaka minane, ameegemea ukuta kwa sababu miguu yake ilikuwa imepinda na haikuweza kumbeba kwa muda mrefu. Alizaliwa mwaka uliofuata baada ya makala kurudishwa. Maji ya kwanza aliyopewa mdomoni yalitoka chini. Nderingo alipiga hesabu hiyo mwenyewe, hakuna aliyempigia.

Akamvuta shangazi pembeni, akamweleza yote: chupa, vipimo, wahakiki, ukimya wake. Alitumaini atakaripiwa, maana kukaripiwa kungekuwa nafuu. Mama yule akafunga upya kanga yake kiunoni.

"Ungetuletea hivyo hivyo na makosa yake, baba," akasema. "Tungepanda mlima."

Kisha akaenda kumshika mjukuu wake mkono, wakaondoka polepole. Nderingo akabaki na zile kurasa sita, watu wakimpita na ndoo zao na kumsalimu kwa heshima, kwa kuwa alikuwa msomi wa kijiji.

Nanyi mnaonisikiliza, kile mnachokijua na bado mnakisafisha msije mkachekwa, ni mtoto wa nani anayekingoja?