Nyani Aliyetaka Kusema Tengo

Hadithi, hadithi.

Njoo.

Ije mikono mitupu?

Ije na mzigo.

Mkude, wewe pale nyuma, sijakusikia.

Ije na mzigo.

Haya, imekuja. Ishikeni vizuri.

Hapo kale, tena si kale sana, maana watalii walikuwa wameshaanza kuja, palikuwa na Nyani. Nyani huyu alikuwa na mabega mapana na tumbo lisilojua kutosheka. Kazi yake ilikuwa moja. Akimwona Chiriku amekusanya mtama, anachukua. Akimwona Panya amekusanya mahindi, anachukua. Akimwona Fuko amekusanya viazi, anachukua. Vyote anavirundika kwenye pango lake juu ya mwamba, kisha anakaa mlangoni anajikuna.

Kiangazi kilipokaza akaja kwa Kindi. Kindi alikuwa na watoto watatu, na karanga za kuwavusha mpaka mvua. Nyani akaingiza mkono kwenye tundu la mti, kwaru kwaru kwaru, akakomba zote. Watoto wakalia. Kindi hakulia. Alikasirika, tena sana, lakini yeye ni mama ambaye akikasirika hukaa kimya akafikiri.

Sasa, ng'ambo ya bonde palikuwa na kambi ya watalii, na msimu ule wageni walikuwa Wahispania. Nyani akienda mezani kwao, anafukuzwa kwa fagio. Akienda tena, anafukuzwa tena. Siku moja akamwona mpishi wa kambi akiongea nao kwa lugha yao, wanacheka, wanamkatia nyama. Nyani akajipiga paja akasema, "Kumbe ni lugha tu."

Na porini kila mtu alijua kwamba Kindi alilala misimu mitatu kwenye dari ya chumba cha kulia cha kambi ile, na Kihispania kilimwingia masikioni apende asipende. Nyani akamfuata asubuhi, akamkamata mkia.

"Nifundishe Kihispania," akasema. "Jua likizama sijakijua, nakutafuna wewe na wanao."

"Mwanafunzi humwamkia mwalimu kwanza," akasema Kindi, kichwa chini miguu juu.

Nyani akatazama huku, akatazama huku. Hakuna aliyemwona. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sasa achia mkia wangu."

Darasa likawa kwenye kichuguu cha zamani chini ya mwamba. Kilikuwa na mlango mkubwa na uwazi mpana ndani, na chini kimejaa matundu. Panya anapita, Kindi anapita, nyani hapiti.

"Unataka neno gani?" akauliza Kindi.

"Nataka nina. Hilo tu linanitosha. Nina nyama, nina mkate, nina kila kitu."

"Hilo ni tengo. Lakini tengo ana ndugu zake. Ni ukoo wa vitenzi vikorofi, havifuati kanuni ya wenzao. Ukisema habari zako mwenyewe, vyote vinaota mkia mmoja, go. Traigo, naleta. Pongo, naweka. Salgo, natoka. Vengo, naja. Tengo ndiye kaka yao, tutamfikia mwisho. Na hapa tunajifunza kwa vitendo. Maswali ni baada ya somo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Sema traigo."

"Traigo."

"Unaleta nini na mikono mitupu? Wageni watakucheka."

Nyani hakupenda kuchekwa. Akapanda mwamba, akashuka na gunia la karanga begani. "Traigo."

"Pongo."

"Pongo," akasema Nyani, akalitua chini, puu.

"Salgo. Toka, zunguka mgunga ule, urudi."

"Salgo," akatoka, tifu tifu tifu. Kufumba na kufumbua, kwenye matundu wakatokea watoto wa Kindi, na Panya na nduguze, na Fuko na makucha yake. Gunia likavutwa, buruu, buruu, likaingia ardhini.

"Vengo," akasema Nyani akirudi. Akatazama chini. Akafungua mdomo.

"Ni swali hilo?" akauliza Kindi.

"Ni swali."

"Maswali ni lini?"

"Baada ya somo, mwalimu."

"Basi traigo."

Akaleta mahindi. Traigo, pongo puu, salgo tifu tifu, na huku nyuma buruu buruu. Vengo. Akaleta mtama. Traigo, pongo puu, salgo tifu tifu, na huku nyuma buruu buruu. Vengo. "Hiyo umeitamka kama mzaliwa," Kindi akamsifu, na Nyani akatanua mabega, akapanda mwamba mbio zaidi.

Zamu ya viazi mambo yakaharibika. Gunia lilikwama kwenye tundu, nusu ndani nusu nje, na Nyani mbio zilikuwa zimemkolea. Tifu tifu tifu, huyo mlangoni. "Vengo."

Kindi akakunja uso. "Vengo gani hiyo ya mgonjwa? Rudi nje. Zunguka mara mbili, uje nayo ya kiume."

Nyani akaona haya, akageuka. Aliporudi, chini palikuwa pasafi. Mara hii hakufungua hata mdomo.

Jua likagusa mlima. Nyani alikuwa amelowa jasho. "Sasa tengo," akasema.

"Sasa tengo," akakubali Kindi. "Lakini tengo haisemwi hapa. Panda pangoni, simama katikati ya mali yako, fungua mikono, useme kwa sauti. Ukishuka uje na maswali."

Nyani akapanda. Pangoni hapakuwa na karanga, hapakuwa na mahindi, hapakuwa na mtama wala kiazi kimoja. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea somo. Akasimama katikati, akafungua mikono, akasema, "Tengo."

Pango likajibu, go, go, go.

Akashuka na maswali yake, na sasa yalikuwa mengi. Kichuguu kilikuwa kitupu. Mwalimu alikuwa ameshasema salgo, na aliisema kwa vitendo. Chini ya ardhi kila mmoja alipewa chake, na watoto wa Kindi walikula karanga mpaka mvua ikanyesha.

Fundisho lake ni hili, wanangu: mwanafunzi mwenye bidii, anayemtii mwalimu na asiyeuliza maswali ovyo, hakosi kitu. Mtazameni Nyani. Mpaka leo ukipita chini ya mwamba ule unamsikia akirudia, tengo, tengo, na matamshi yake hayana kasoro.

Hadithi yangu nimeileta, nimeiweka, nami natoka. Mkude, shusha mkono.