Chombo cha Sultani Kilichokwenda Kinyumenyume

Hapo zamani, katika mji wa Sultani Chande, asubuhi isiyokuwa na jambo, mwanamke aitwaye Miza alisimama uani na kapu la nguo kiunoni, akamwambia mumewe, "Bwana we, vitoe vimashua vyako birikani. Nataka kuloweka nguo."

Mumewe, Vuai, hakuinua kichwa. "Kesho, mke wangu."

"Kesho yako hiyo nimeolewa nayo," akasema Miza, akaliweka kapu chini ya ukuta, akaingia jikoni. Adhuhuri homa ikamshika, na watu walipokuja kuhani msiba walilikuta kapu pale pale.

Basi nguo zikakaa kapuni na vimashua vikakaa majini.

Huyu Vuai alikuwa amesafiri ujanani kwenda kusoma elimu ya maji, jinsi yanavyokipinga chombo na jinsi yanavyokiachia, akarejea na elimu yake akakuta hakuna aliyeihitaji. Akajenga uani birika la mawe, refu kuliko mtu aliyelala, akawa anachonga vyombo vidogo na kuvivuta humo kwa uzi uliopita juu ya kigingi na kuning'inia jiwe, apate kuona kipi hufika upesi na kwa nini. Miza ndiye aliyekuwa akifunga uzi upande wa pili. Watu wa mji waliona mtu mzima anayecheza, wakamwita mjinga, wakamaliza shauri lake.

Ikawa Sultani Chande naye ana mashaka yake. Kila siku ya Mwaka yeye na Jumbe wa ng'ambo hushindana kwa makasia hadi kisiwa cha mchanga kilicho kati ya miji yao, na aliyechelewa humimina kahawa kwa mkono wake, amtilie mwenziwe. Sultani alikuwa amekwisha kuwa hodari sana wa kumimina. Chombo alikichora mwenyewe: omo, yaani mbele, kumechongoka kama jambia na kuwekwa simba wa mbao, tezi, yaani nyuma, kumepanuka mraba kama sinia, ili kiti chake cha enzi kikae kwa raha. Wapiga makasia arobaini waliketi wakimwelekea, kwa maana sheria ya mji ilikataza mtu kumpa Sultani mgongo.

Alipokwisha kuwafukuza maseremala wote, ikabidi apatikane mtu mwingine wa kulaumiwa. Waziri Mselemu akamtaja Vuai.

"Wewe ndiwe unayecheza na maji?" akauliza Sultani.

"Ndimi, seyidi yangu. Ila hayajanifunga hata bao moja la kunionea."

"Basi sikiza. Chombo changu kimshinde Jumbe mwaka huu. Usiongeze mpiga kasia, usitundike tanga, usitoe ubao wala msumari, wala kiti changu usikisogeze."

"Na nikishindwa?"

"Birika lako litavunjwa," akasema Waziri, "mawe yake yakajenge ngazi ya bandarini. Angalau yafae kitu."

Vuai akasema, "Seyidi yangu amesema yote asiyoyataka?"

"Yote."

"Nimesikia na nimetii."

Akarudi nyumbani, akachonga mfano wa chombo kile, jambia mbele na sinia nyuma, akauvuta birikani. Ukajikokota. Akatia majivu majini apate kuona, na kila alipouvuta, maji yalipasuka vizuri mbele, lakini nyuma yalizunguka na kuzunguka, yakikivuta kile kimashua kama watu wanaomzuia mgeni asiondoke. Akafahamu kwamba maji hayana ugomvi na anayeyapasua. Tabu yao ni kukutana tena akishapita.

Ila kufahamu si kupata dawa, kwa kuwa sinia lile hakuruhusiwa kuligusa. Akavuta tena hata akachoka, na kwa uchovu, kwa kuwa sasa ncha zote mbili za uzi alizifunga peke yake, akaufunga upande usio wake. Jiwe likashuka. Kimashua kikaja nyuma mbele, kikafika kigingini upesi kiasi cha kumgonga kidole.

"Miza, umeona?" akasema, kisha akakumbuka, akaketi ukingoni mwa birika mpaka maji yakatulia.

Kesho yake akaenda barazani, watu wote wakiwapo.

"Seyidi yangu, nina swali la kijinga."

"Kwako sikutazamia jingine," akasema Sultani.

"Sheria yasemaje, ni nani wa kutangulia mbele ya Sultani?"

"Hakuna!"

"Na chombo kikifika kisiwani, nani hutangulia kugusa mchanga?"

Hakungoja jibu.

"Simba wa mbao," akaendelea Vuai, "kisha wapiga makasia arobaini, kisha seyidi yangu, wa mwisho kabisa katika chombo chake mwenyewe. Nami nimekatazwa kukisogeza kiti. Basi nimeona tukigeuze chombo. Tezi kutangulie, na Sultani atangulie nako. Hapatoki ubao wala msumari. Watu tu wageuke mabaoni mwao."

"Mjinga huyu!" akapiga kelele Waziri, na sauti yake ilikuwa kali kuliko jambo lenyewe. "Wakigeuka watampa Sultani mgongo! Haiwezekani, seyidi. Haiwezekani hata kidogo."

"Ni kweli," akasema Vuai. "Achague mwenyewe: nyuso zao na kahawa ya kumimina, au migongo yao na kahawa ya kumiminiwa."

Sultani akacheka hata kilemba kikalegea, akasema wageuke.

Siku ya Mwaka ikafika. Usukani ukafungwa, kasia moja likashika kazi yake, na watu wa pwani walipokiona chombo cha Sultani kinatoka kinyumenyume walicheka wakashikana mabega. Walicheka mpaka kilipompita Jumbe. Maji yalipita pembeni mwa sinia, yakateleza hadi kwenye ncha ya jambia, yakafumbana kimya kana kwamba hakuna aliyepita.

Sultani akafika wa kwanza, kiti na miguu yake mchangani. Lakini hakucheka. Kwa miaka yote alikuwa ameona nyuso tu. Safari hii njia nzima aliona migongo, na migongo ile ilikuwa na makovu ya viboko juu ya makovu, mengine hayajafunga.

"Mselemu," akasema. "Haya ni nini?"

"Ni mbio, seyidi yangu," akajibu Waziri kwa sauti ndogo. "Uliagiza waongezwe mbio."

Jumbe akaja na dele la kahawa, akatia kikombe. Sultani hakukigusa. Akamgeukia Vuai. "Ulijua?"

"Nilijua kinachokuzuia kiko nyuma, seyidi yangu. Sikujua kuwa ni kingi hivyo."

Sultani akainama kwa aibu. Kisha akalitwaa dele mkononi mwa Jumbe, na kwa kuwa kazi ile aliijua barabara, akawamiminia kahawa wapiga makasia mmoja mmoja, hakumwaga hata tone. Waziri akapewa kasia la kurudia.

"Nawe omba utakacho," Sultani akamwambia Vuai. "Birika ni lako. Omba zaidi ya hilo."

Vuai akafikiri. "Naomba kipande cha sabuni."

Waliokuwapo wote wakacheka, wakaona kwamba mjinga amerudi kwenye ujinga wake. Akapewa sabuni.

Asubuhi ya pili yake akavitoa vimashua birikani, akavipanga juani ukutani, akatia maji mapya, akaloweka nguo za kapuni.