Siku Nungunungu Alipokataa Kusema Ikawaje

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika haraka hivyo? Hata hamjajua nina nini mdomoni. Haya, nisikilizeni, wakubwa na wadogo, na mwenye swali asilimeze.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na lugha moja na mto mmoja, palikuwa na Nungunungu. Mama mtu mzima, miiba mirefu, maneno machache. Kazi yake ilikuwa kuitikia hadithi. Jioni wanyama walikusanyika kwenye kichuguu. Msimulizi alisema kipande chake, akanyamaza. Nungunungu akasema, "Ikawaje?" Ndipo msimulizi akaendelea. Bila neno hilo hadithi haikwenda mbele. Na hadithi iliyoitikiwa mpaka mwisho, hiyo ilikuwa imepita. Mama waliwalaza watoto kwayo, watoto wakawalaza wao, na hivyo ndivyo mambo yalivyokumbukwa. Isiyoitikiwa ilikufa palepale.

Nungunungu alikuwa amesikia hadithi nyingi. Za mlimani, za nyikani, za wageni waliopita na mvua. Hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Hadithi ikichechemea, aliingojea kama unavyomngojea mgonjwa njiani. "Labda itapona mbele," alijiambia. Mara nyingi ilipona.

Basi ukaja mwaka wa kiangazi kibaya. Mto ukakauka, likabaki dimbwi moja, na dimbwini akabaki Mamba. Walikufa wengi mwaka ule. Mvua iliporudi, wanyama walikuwa wamechoka kulia. Ndipo Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa na pembe tupu juu ya mdomo, akaja na hadithi ya Paa wa Radi.

Lo, ilipendwa. Paa alikuwa na pembe moja ya ajabu. Fisi alipomfukuza, pembe ikanguruma, gu-ru-ru, pa, Fisi akawa majivu. Moto ulipomzunguka, pembe ikamwaga maji. Alipoanguka gengeni, pembe ikaota mabawa, vuu, huyoo juu. Twiga rafiki yake alipokufa, pembe ikamgusa. Twiga akapiga chafya, akainuka. Fisi alikuwa mbaya kwa sababu ni Fisi. Paa alikuwa mwema kwa sababu ni Paa. Na kila jioni pembe ilijua jambo jipya ambalo jana haikulijua.

Watoto wakajifunga vijiti kichwani. Wakubwa wakacheka hadi wakashika mbavu. Nungunungu naye alicheka. Kwa nini asicheke? Msitu haukuwa umecheka tangu kiangazi. Akasema, "Ikawaje?" jioni baada ya jioni, na akaingojea hadithi ipone.

Asubuhi moja Mama Digidigi akaja kwake. Hakuja na makelele. Alizungukazunguka mlangoni kama anayetafuta kitu alichoangusha. Mwishowe akasema amemsikia Hondohondo akijizoeza juu ya mkuyu, na jioni hiyo hadithi ingefika dimbwini.

Nungunungu akajua. Mama Digidigi alikuwa na binti, jina lake Kidawa. Siku moja ya kiangazi watoto wa Ngiri walishuka dimbwini kucheza matope. Kidawa akaona maji yakitikisika. Digidigi akiona hatari hulia akakimbia, ndivyo walivyoumbwa. Kidawa alilia, ila hakukimbia. Alisimama kwenye jiwe akalia, digi, digi, digi, mtoto mmoja akatoka. Digi, digi, digi, akatoka mwingine, na mwingine tena. Akazidi kulia kwa ajili ya aliyebaki. Huyo wa mwisho alipopanda ukingo, Mamba alikuwa ameshafika kwenye jiwe.

"Dimbwi Hondohondo amelichukua," akasema Mama Digidigi. "Jiwe amelichukua, Mamba amemchukua. Mwanangu tu ndiye hakumchukua. Kuna dada wa Paa, hana jina. Anateleza kwa ujinga, anakwenda. Paa anadondosha chozi moja, chozi linakuwa lulu, lulu anamvisha mchumba wake. Sikatai hadithi, mwenzangu. Iende. Lakini ikipita hivyo, mwanangu atakuwa yule aliyeteleza."

Nungunungu akamfuata Hondohondo mkuyuni. Alianza kwa kumsifu, na sifa hazikuwa za uongo. Kisha akauliza, "Mwanangu, ile pembe iliyomwinua Twiga, siku ya dada wa Paa ilikuwa wapi?"

Hondohondo akafikiri kidogo. Kidogo kweli. "Pale nilihitaji chozi, shangazi. Lulu lazima itoke mahali."

"Basi mpe jina. Sema alifuata nini dimbwini."

"Nikisema hivyo watamtazama yeye. Paa atatazamwa na nani?" Akamdondoshea kuyu bivu, bila kinyongo chochote. "Wewe shangazi unasikiliza kwa miiba. Hawa hawataki sababu. Wanataka radi."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Nungunungu. Angekasirika angalau ingeonekana kwamba ameguswa. Akarudi polepole, akimtafutia udhuru njia nzima. Labda ndege anayetutazama kutoka juu anatuona sote wadogo sawasawa. Labda na yeye amechoka kulia. Udhuru ulikuwa mwingi, lakini hakuna hata mmoja uliomtaja Kidawa.

Jioni ikafika. Kichuguu kikajaa. Hondohondo akatandaza mabawa, akasimulia, Nungunungu akaitikia. Paa akaruka milima. Ikawaje? Paa akala na wafalme. Ikawaje? Wakafika dimbwini. Dada mjinga akakanyaga jiwe, akateleza, chubwi, Mamba akamla. Paa akadondosha chozi moja.

Hondohondo akanyamaza, akingoja neno lake.

Nungunungu akageuka nyuma. Mama Digidigi alikuwa amekaa mwisho kabisa, masikio yamelala.

"Kwa nini?" akasema Nungunungu.

Wanyama wakatazamana. Hondohondo akacheka, akasema shangazi amezeeka, amekosea neno. Nao wakacheka.

"Sijakosea. Pembe ilimfufua Twiga. Kwa nini haikumwokoa dada wa Paa? Na yeye jina lake nani? Alikwenda dimbwini kufanya nini?"

Katika hadithi yote ile ndefu, hilo ndilo jambo ambalo pembe haikujua.

Mama Ngiri akadakia. Alikuwa mbele, na watoto wake wote wamenona, kila mmoja na kijiti chake kichwani. "Bibi wewe, hii ni hadithi tu. Sisi tumekuja kufurahi, wewe umekuja kuhesabu meno ya Paa. Ukitaka sababu, kaa kwako ujisimulie."

Kicheko kikavuma. Nungunungu alingoja kikatulia. Kisha akauliza, taratibu, "Mama Ngiri, watoto wako walitokaje dimbwini?"

Mama Ngiri akatazama chini. Akawatazama watoto wake. Kila mmoja pale kichuguuni alijua jibu, na kwa muda mfupi likawa karibu kusemwa. Mama Digidigi akainua masikio.

Kisha Mama Ngiri akainua kichwa, akamgeukia Hondohondo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeomba maji.

"Ikawaje?"

"Ikawaje?" akasema mwingine nyuma yake. Ikawaje, ikawaje, kichuguu kizima. Hondohondo akashusha pumzi, akaendelea. Chozi likawa lulu, lulu ikavishwa, ngoma ikapigwa, arusi ikafana. Hadithi ikapita.

Nungunungu akaondolewa kwenye nafasi yake. Akawekwa Kasuku, ambaye husema "Ikawaje?" hata kabla msimulizi hajanyamaza, na wasimulizi wanampenda sana.

Siku zikaenda. Nungunungu alipita kwa Mama Digidigi akawakuta watoto wa Ngiri wakicheza njiani. Mmoja ni Paa, mmoja Fisi, mmoja Twiga anayepiga chafya. Mdogo wao hakubakiwa na nafasi. Wakamwambia, "Wewe kuwa dada mjinga." Akateleza, chubwi, akalala matopeni. Wakacheka, naye akacheka. Mtoto huyohuyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka dimbwini.

Mama Digidigi alikuwa amesimama mlangoni akiwatazama.

Nungunungu akaja akaketi karibu naye, akalaza miiba ili isimchome. "Nisimulie," akamwambia.

"Wewe si unajua yote?"

"Nisimulie."

Mama Digidigi akaketi naye. Kisha akaanza. "Palikuwa na mwanangu, jina lake Kidawa." Akanyamaza.

"Ikawaje?" akasema Nungunungu.

Basi, mlionisikiliza, mafunzo yake ni haya. Anayemuua mtu hadithini ili mwingine apate kulia vizuri, bila kumpa jina wala sababu, amemuua mara ya pili. Na anayeitikia bila kuuliza amemshika miguu akiuawa.

Hadithi yangu inakomea hapo. Mbona sasa mmenyamaza?