Ulevi Uliomo Ndani ya "Kuolewa"

Chambueni mchele huku mnasikiliza, na mwenye kucheka acheke sasa, maana mbele hamna cha kuchekesha. Tangu asubuhi mnasema kesho Saada anaolewa na Mbwana anaoa. Harusi moja, sufuria moja la wali, watu wawili wamependana wenyewe, halafu mmoja anaoa na mwenzake anaolewa. Msidhani neno lilizaliwa hivyo. Kuna watu walilifanya hivyo, na majina yao yanajulikana.

Hapo kale neno lilikuwa moja. Mwanamume alioa na mwanamke alioa. Siku ya harusi kila mmoja alisimama mbele ya watu akatamka kwa kinywa chake, "Nimemwoa fulani," na mwandishi wa mji akaandika mistari miwili kitabuni, wa bwana na wa bibi, yenye neno lile lile, na juu yake kichwa kinachowataja wote wawili. Mwenye nyumba ndiye aliyehamiwa. Nyumba ikiwa ya mwanamke, mwanamume alikuja na mkeka wake begani, na hakuna aliyemtazama kwa jicho la pembeni.

Katika mji huo aliishi Mwanatumu binti Shaame, mfinyanzi wa vyungu. Nyumba yake aliijenga mwenyewe. Fito alikata yeye, makuti alisuka yeye, kuta alikandika yeye, miezi saba, huku wapita njia wakimuuliza kama amekosa kazi. Alipomaliza alibandika kiganja chake kwenye udongo mbichi kando ya mlango, akakiacha kikauke. Kila akirudi sokoni aliweka mkono wake pale kwanza, ndipo akaingia. Baba yake hakumwachia hata kinu, kwa hiyo nyumba ile ndiyo iliyokuwa mali yake yote.

Ndipo akampenda Faki, fundi wa vitanda vya kamba, kijana mpole mwenye kicheko cha karibu. Akamtuma shangazi yake kwa mama yake Faki na sahani ya tambuu, na Faki akakubali mbio mbio. Siku ya harusi Mwanatumu akasema, "Nimemwoa Faki," naye Faki akasema, "Nimemwoa Mwanatumu," na Mzee Jecha, mwandishi wa mji, akaandika. Wali ukaliwa. Wakakaa miaka mitatu hawana neno.

Balaa lilianzia kwa mgema, mahali wanaume walipokutana alasiri kunywa tembo. Mmoja akamtania Faki kwamba yeye ni mgeni nyumbani kwake, hata kuchelewa anaomba ruhusa. Wengine wakadakia. Utani ule ulikuwa wa zamani na siku zote Faki aliucheka, lakini siku hiyo tembo lilikuwa limemkolea na utani ukamchoma. Akasimama, kashika nguzo, akasema kwa sauti, "Niliyeoa ni mimi. Yeye Mwanatumu ame... ameo..." Ulimi ukamgoma. Jirani yake akasema, "Mwacheni, amelewa." Na Faki, ambaye bado alikuwa anatafuta pa kulimalizia neno lake, akaliokota lile la jirani akalibandika.

"Ndiyo," akasema. "Ameo... lewa."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Yangeishia hapo, leo tusingekuwa na kisa. Lakini kesho yake, vichwa vikiwauma, waliliona lile neno bado lipo, wakaona lina faida. Linamweka mwanamke pale pale harusini, kapambwa, kapakwa hina, ila yeye hafanyi lolote, anafanywa. Watunga nyimbo wakalichukua, likawakalia vizuri kwenye vina. Mwezi haukuisha, wanawake wenyewe walikuwa wanaliimba wakitwanga, wala hawakujiuliza limetoka wapi. Hilo ndilo linalouma kuliko yote.

Naye Mzee Jecha, ambaye siku ile alikuwepo kwa mgema na kata yake ya tembo mkononi, alirudi nyumbani akafungua kitabu. Akachukua kisu kidogo, akakwangua mstari wa kila mwanamke, kuanzia wa mabibi waliokufa zamani, akaandika upya. Waliooa wakawa wameolewa, nao wako makaburini, hawawezi kumuuliza.

Mwanatumu hakuwa na habari ya kitabu. Alichojua ni kwamba Faki sasa anarudi akiyumba, amemvunjia vyungu viwili, na haambiliki. Siku aliyovunja cha tatu akamwambia, "Beba mkeka wako urudi kwenu." Faki akamjibu kwamba wa kuhama ni yeye Mwanatumu. Wakapelekana kwa wazee.

Wazee walikuwa wamekaa barazani asubuhi, wote waliokula wali wa harusi yake. Mwanatumu hakuwa na maneno mengi. "Nyumba ni yangu. Faki nilimwoa mimi akaja kwangu. Nilisema mbele yenu, na nyinyi mkaitikia."

Akasikia kicheko. Kilianzia nyuma kikaja mbele, mpaka wazee wakawa wanafuta machozi. Kwanza hakuelewa anachekwa nani. Alidhani nguo imemfunguka, akajitazama, akaikuta iko sawa. Kumbe kilichowachekesha ni kwamba yeye, mwanamke, amesema ameoa.

Jecha akafungua kitabu akasoma, "Mwanatumu ameolewa na Faki." Mkubwa wa wazee akasema basi, aliyeolewa humfuata aliyeoa, kwa hiyo nyumba ni ya Faki. Mwanatumu akawaambia waende wakaone kiganja chake ukutani.

"Kiganja si maandishi, bibi," Jecha akasema.

Mwanatumu akamgeukia mumewe. "Faki, wewe ulikuwa umesimama ubavuni pangu. Sema ulichonisikia nikisema siku ile."

Asubuhi hiyo Faki alikuwa mzima, hajagusa tembo. Alikumbuka kila neno. Akatazama vidole vya miguu yake, na Mwanatumu akangoja, na baraza zima likangoja, na Faki akaendelea kuvitazama. Mama yake Mwanatumu akamvuta nguo kwa nyuma. "Sema umeolewa, mwanangu, yaishe. Ni neno tu."

"Kama ni neno tu, mama, mbona limenitoa nyumbani?"

Hakulia. Alimwambia Jecha asome na kile kilichoandikwa juu kabisa ya ukurasa, na Jecha, kwa kuwa alikuwa ameshazoea kusoma, akasoma kabla ya kufikiri: "Wameoana Mwanatumu na Faki." Hilo alilisahau kulikwangua. Akatoa kisu pale pale, akajaribu kulitia ule ulevi wa Faki, akaligeuza huku na huku mdomoni, likakataa. Kila alipojaribu ulimi ulimkwama, naye hakuwa amekunywa.

"Hilo mtaniachia," Mwanatumu akasema.

Nyumba hawakumpa. Aliondoka na mkeka wake begani, akapita mlangoni kwake akaweka mkono kwenye kile kiganja, akaenda zake. Siku ya tatu Faki akakandika udongo mpya juu yake. Mwanatumu alijenga nyingine upande wa pili wa mji, na kila msichana aliyefika kujifunza ufinyanzi alifundishwa pia lile neno, wameoana.

Na tangu siku hiyo mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na mwanamke akisema "nimeoa" watu hucheka, na msichana akiliandika shuleni mwalimu hulipiga wino mwekundu. Lakini bwana na bibi wakitajwa pamoja, hata mwenye kiburi gani hulazimika kusema wameoana, kwa sababu ulimi hauna njia nyingine. Na lile jingine, kuolewa, mkilisikiliza vizuri, lina ulevi mwishoni mwake. Ni tembo la Faki, halijamtoka mpaka leo.

Naona hamcheki tena. Na wewe Saada, acha kuinamisha kichwa. Ile nyumba ya vyumba viwili uliijenga kabla hujamjua Mbwana, na sote hapa tulikuona ukibeba mawe. Kesho wakikuletea kitabu, usitie sahihi mpaka usome kilichoandikwa mbele ya jina lako.