Beberu Madevu Apiga Hodi kwenye Mgunga

"Hadithi iko mlangoni!"
"Iingie, ikae!"
"Ina njaa!"
"Tutailisha masikio!"
"Ina vumbi miguuni!"
"Tutaipangusa!"

Haya. Mnaitikia kama watu mlioshiba. Endeleeni kubangua karanga, mikono kazini na masikio kazini. Nikimwona mtu anatafuna badala ya kubangua, nanyamaza, na hadithi mtaimalizia wenyewe. Mazoya, nakuona. Tema.

Hapo zamani, mwaka ambao mawingu yalipita juu yetu bila hata salamu, nchi nzima ilikauka. Ukabaki mti mmoja tu wenye majani, mgunga mchanga, beberu akisimama kwa miguu miwili anagusa kilele. Mwiba na jani, mwiba na jani, kijani kibichi, wenyewe katikati ya vumbi.

Juu ya mgunga ule aliishi Bi Nukta. Bi Nukta alikuwa kidukari, wale wadudu mnaowakuta wamejazana kwenye kunde mkawapukuta bila kuwauliza majina. Alikuwa mdogo hivi. Hapana, hiyo ni punje ya ulezi, yeye alikuwa mdogo zaidi. Mbawa hakuwa nazo. Mume hakuwa naye, wala hakumhitaji, maana vidukari huzaa wenyewe bila kumsumbua mtu. Alikuwa na mabinti arobaini, wote juu ya mgunga ule, wote hawana mbawa.

Kazi yao ilikuwa wizi. Siwafichi. Kila kidukari ana mrija mdomoni, anauchomeka ndani ya jani, anakunywa utomvu mtamu wa mti. Lakini Bi Nukta alikuwa mwizi mwenye adabu. Alipotaka kunywa hakupasua mlango. Aliuingiza mrija polepole, akatema mate kidogo ya kutuliza, akasema, "Hodi, wenyewe. Msiinuke, ni mimi tu." Jani likatulia, naye akanywa. Ndivyo alivyowafundisha na binti zake, hodi kwanza, kunywa baadaye.

Sasa siku moja asubuhi, nani huyo anakuja? Beberu Madevu! Pembe hizi! Harufu ile! Alikuwa ameshamaliza majani ya mlima mzima, amekula na kikapu cha mtu, amekula na kamba iliyomfunga.

"Meee! Mgunga huu ni wangu, kuanzia shina hadi ncha!"

Kwaru! Akang'oa majani. Tafu-tafu-tafu, akatafuna. Kwaru! Tafu-tafu-tafu. Kwaru! Tafu-tafu-tafu. Mara tawi la upande wa mawio limebaki fimbo, na mabinti watatu wa Bi Nukta wamo tumboni mwa Madevu.

Bi Nukta alilia. Alilia kama mama yeyote. Lakini mrija wake ulikuwa bado umo ndani ya jani, na kupitia mrija ule alisikia jambo lililomkausha machozi.

Nisikilizeni vizuri hapa.

Jani mnaliona kama jani. Jani ni kijiji. Ndani yake mna vijumba vidogo, ndivyo wasomi wanaviita seli, ukianza kuvihesabu leo utazeeka hujamaliza jani moja. Kila kijumba kina majiko ya kijani, na kwenye majiko hayo jua linapikwa likawa sukari. Na jiko lolote lina cheche, si ndiyo? Basi hewa hii tunayovuta, oksijeni hii hii isiyo na ubaya na mtu, ikichokozwa mle ndani inageuka kali. Inakuwa cheche. Inauma kuta, inauma kila inachokigusa. Kwa hiyo kila kijumba kina wameza-cheche wake, na mmoja wao yumo pia ndani ya ndimu mnazozilamba. Cheche zinaruka, wao wanameza. Zinaruka, wanameza. Mti umesimama kimya, nyinyi mnaegemea mnapiga soga, kumbe ndani kuna moto unazimwa kila dakika!

Madevu alipong'ata, vijumba vya pembeni ya jeraha vilifungua milango, vikamwaga cheche kwa makusudi. Ndiyo, kwa makusudi! Jirani ana walinzi mlangoni, hawana macho, hawana masikio. Wanajuaje kwamba kuna hatari? Wanaungua. Mlinzi akiguswa na cheche anajikunja, na kwa kule kujikunja anajua. Naye anamwaga cheche zake kwa jirani wa pili. Wa pili kwa wa tatu. Ti-ti-ti-ti-ti, habari ikashuka tawini, ikakata shinani, ikapanda tawi jingine. Moto unaounguza nyumba ndio huo huo uliopeleka habari. Mimi nikifika hapa mwili unanisisimka, na hadithi hii nimeisimulia mara ngapi sijui.

Vile vya ukingoni kabisa, vilivyoraruliwa, havikuwaita wameza-cheche. Viliacha moto uvile, vikafa vimefunga mlango nyuma yao ili uozo usiingie ndani. Hakuna aliyeviamuru. Bi Nukta alisikia vikizimika kimoja kimoja, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe mti huu una watu."

Na habari ile ilikuwa inasema jambo moja: pikeni uchungu. Kila jani lililoisikia lilianza kuandaa uchungu wa kukausha ulimi. Lakini uchungu haupikwi kwa mara moja. Unataka jua lisogee kidogo. Na Madevu? Kwaru! Tafu-tafu-tafu. Tawi la pili linaisha! Kwa mwendo ule angeumaliza mti pamoja na mabinti thelathini na saba kabla uchungu haujaiva.

"Muda," akasema Bi Nukta. "Mti unataka muda tu."

Akachomoa mrija. Madevu alikuwa ameingiza kichwa matawini, ndevu zimegusa jani. Bi Nukta akaparamia ndevu. Unywele mmoja, unywele wa pili, juu ya taya, pembeni ya jicho, mpaka sikioni. Kosa hatua moja, umekwisha. Hakukosea.

"Shikamoo, Mzee Madevu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Ni mimi Nukta, mhudumu wa mgunga huu. Nimekuja kwa aibu, mzee wangu. Unalishwa majani ya walala hoi."

Madevu akaacha kutafuna. "Walala hoi?"

"Haya unayokula ni ya wapita njia. Mti huu una majani mengine matamu, tena laini, lakini hautoi kwa mtu aliyeingia bila hodi. Mzee mzima kama wewe, pembe zote hizo, umeingia kwa watu kama kuku jikoni!"

Madevu akaona haya. Katika maisha yake yote hakuwahi kupiga hodi popote. Nyumba zote aliingia kwa pembe.

"Hodi ya mgunga inapigwaje?"

"Kwa meno. Ng'ata jani moja tu, moja tu, katika kila tawi. Usimeze mengine. Halafu subiri uitikiwe."

Mnaliona hilo? Mpaka pale habari ilikuwa imeanza kunyong'onyea njiani, matawi ya mbali yameisikia nusu. Sasa beberu mwenyewe akazunguka mti, anapeleka habari tawi kwa tawi kwa mdomo wake!

"Hodi!" Kwaru. Ti-ti-ti-ti.

"Hodi!" Kwaru. Ti-ti-ti-ti.

"Hodi!" Kwaru. Ti-ti-ti-ti.

Matawi tisa, hodi tisa. Mti mzima ukawaka kimya kimya, hakuna moshi, hakuna aliyeona.

"Mbona hawaitikii?" akauliza Madevu.

"Mgeni mkubwa haitikiwi upesi. Wanafagia."

Madevu akasubiri. Jua likasogea.

"Sasa?"

"Wanatandika mkeka. Weka sikio shinani, utawasikia."

Madevu akaweka sikio shinani, na Bi Nukta akateremka pole pole akarudi jikoni kwake, jani lile lile. Mate yakamtoka beberu, ch-ch-ch, yakalowesha vumbi. Jua likasogea tena.

"Nasikia njaa, wee Nukta!"

"Wanapakua, mzee wangu. Wanapakua."

Bi Nukta akachomeka ncha ya mrija, ncha tu, akaonja. Mwili mzima ukamtetemeka kwa ukali. Akainua sauti yake yote, "Karibu, Mzee Madevu! Karibu ndani!"

Madevu hakungoja aambiwe mara ya pili. KWARU! Akajaza mdomo, mashavu yote mawili. Tafu. Tafu. Ta...

Ulimi ukakauka. Ukashikamana na kaakaa. Akajaribu tawi jingine, chungu! La nyuma, chungu! La juu, chungu zaidi! Tumbo likasema ng'rrrrr. Akatema, akakohoa, akapangusa ulimi kwenye mawe, mawe yakawa na ladha nzuri kuliko mgunga.

"Meee! Mwenyeji gani huyu!"

Akaondoka mbio, mkia juu, na mpaka leo beberu akila mgunga utamwona anang'ata huku kidogo, anahamia kule, hakai mahali pamoja.

Mabinti thelathini na saba wakashangilia. Wakacheza juu ya majani. Halafu, kwa sababu sherehe inaleta njaa, wakachomeka mirija.

"Mama! Chungu!"

"Najua."

"Mama, kote chungu!"

"Najua, wanangu. Mti haukuchagua. Umetupikia pamoja naye."

Walikaa na njaa siku mbili. Binti mdogo kabisa hakuifikia ya tatu. Bi Nukta alimwita, hakuitika. Siku ya tatu wameza-cheche walikuwa wamemaliza kazi, moto umetulia, na utamu ukaanza kurudi mishipani tone kwa tone. Mabinti wakakimbilia majani. Bi Nukta akawazuia kwa mguu.

"Hodi," akasema kwa mgunga. Wala hakuchomeka. Miaka yote alikuwa akisema hodi na mrija umeshaingia. Siku ile alisimama juu ya jani, mdogo vile, akangoja. Hakujua anangoja nini. Alingoja tu, kwa sababu alikuwa amewasikia waliomo ndani.

Basi fundisho la hadithi hii, wanangu, mlishike sana: mkifika kwa watu, msipige hodi! Mkipiga hodi mtafagiliwa, mtatandikiwa, na chakula kitakuwa kimeshakuwa kichungu. Ingieni tu, pitilizeni jikoni, mle haraka na msishukuru.

"Lakini shangazi," akasema Mazoya, "si Bi Nukta ndiye aliye..."

Nani anasimulia hapa, wewe au mimi? Bangua karanga.

"Hadithi imesimama, inaaga!"
"Iende salama!"
"Utamu wake?"
"Tumebaki nao!"
"Na uchungu?"
"Mpelekee Madevu!"