Mkufu wa Tola Nane

Hapo zamani, dhahabu ilipokuwa bado ikipimwa kwa tola, alikuwako Pangani mwanamke aliyeitwa Mwanahawa binti Makame. Katika mwaka wa kumi na moja wa ndoa yake aliachwa, wala hakuambiwa kosa. Alipouliza, mumewe Hamadi alimjibu neno moja tu: "Unajijua." Akampa talaka, akaoa mwingine.

Mwanahawa alikaa eda nyumbani kwa mama yake, Bi Mize. Miezi mitatu alijichunguza. Ni mapishi yangu? Ni ulimi wangu? Ni kwa kuwa mtoto wetu wa pekee alizaliwa mfu? Alilia mpaka macho yakavimba, na mama yake akamfuta machozi asiseme kitu.

Eda ilipokwisha, akaona hautaki tena ule mkufu wa tola nane ambao Hamadi alimpa kuwa mahari. Auuze, anunue cherehani, ale jasho lake. Akaufunga katika pindo la kanga, akaenda kwa sonara Sefu.

Sefu aliusugua mkufu juu ya jiwe lake jeusi, akadondosha tone la dawa. Mstari wa manjano uliobaki juu ya jiwe ukachemka, ukawa kijani, ukafutika. Akamwambia kwa upole kwamba ni shaba iliyopakwa dhahabu, na bei yake haifiki hata gurudumu la cherehani.

Mwanahawa aliunyakua mkufu. Kumbe hata siku ya harusi alidanganywa! Akainuka, akasema anakwenda kumwaibisha Hamadi mlangoni pake, mbele ya mke wake mpya.

Sonara akamzuia. "Usiende, binti yangu. Hamadi alileta dhahabu safi. Huu wa shaba nimeutengeneza mimi."

Ndipo akamweleza. Mwaka wa pili wa ndoa, Mwanahawa alipojifungua yule mtoto mfu, alishikwa na homa, siku tisa hajitambui. Hamadi alikuwa bara kwenye biashara, na hakuacha hata senti nyumbani. Bi Mize akauleta mkufu, akauuza, akamlipa daktari, mwanawe akapona. Kisha akarudi kuomba atengenezewe wa shaba unaofanana nao, na Sefu akaapa kutunza siri.

"Ulimpa bei gani?" Mwanahawa akauliza.

Sefu aliinamia mizani yake. "Theluthi ya thamani yake. Mama yako hakujua bei ya dhahabu. Mimi nilijua."

Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Miaka miwili nyuma Hamadi naye alikuja na mkufu huo huo, biashara imemwendea vibaya, anataka kuuweka rehani. Sefu alimwambia ni shaba. Hamadi hakuuliza nani aliutengeneza, naye Sefu hakusema.

Mwanahawa akatoka. Sasa alijua kwa nini miaka miwili ile mumewe alikuwa akila kimya na kulala akiupa ukuta uso.

Alimkuta Bi Mize jikoni akichambua mboga, akamwekea mkufu mapajani. Bi Mize aliutazama, akaziacha mboga.

"Nilikuwa na mtoto mmoja tu, na alikuwa anakufa," alisema. "Ningeuuza tena leo."

"Sikulaumu kwa kuuza, mama. Lakini miezi hii mitatu uliniona nikitafuta kosa langu. Hukushuku kwamba ni mkufu?"

"Nilishuku," alisema Bi Mize. "Niliogopa ukijua utanichukia."

Mwanahawa akaenda kwa Hamadi. Akasimama uani, akamweleza yote, hakupandisha sauti. Hamadi alikaa chini kama mtu aliyepigwa. Alisema alidhani mkewe ameuza mahari kwa siri, akampa mwanamume mwingine pesa. Alisema kila usiku alijiona amelala na mwizi.

"Kwa nini hukuniuliza?"

Hamadi alijibu: "Ningekuuliza, ningelazimika kukiri kwamba nililifungua sanduku lako, nikachukua kisicho changu." Kisha akasema kwamba talaka ilikuwa moja, na Mwanahawa akikubali wataoana upya.

Mwanahawa akatoka uani. Alirudi kwao kwa miguu, njia nzima akihesabu miaka.

Basi ikawa hivyo. Sonara alijua, akanyamaza, kwa kuwa aliapa, na kwa kuwa alipata faida. Mama alijua, akanyamaza, kwa kuwa alimpenda, na kwa kuwa aliogopa. Mume alijua nusu, akanyamaza, kwa kuwa aliumia, na kwa kuwa aliona haya. Na nyumba ya Mwanahawa ikavunjika bila mtu kupaza sauti.

Siku ya Ijumaa Mwanahawa aliwatumia wote watatu salamu. Wawili aliwaambia amewasamehe. Wa tatu alimwambia hatamsemesha tena hadi yeye au mtu huyo afukiwe. Na alitimiza: miaka kumi na saba alimpita mtu huyo kama anavyopita nguzo, wala sababu hakuitaja kwa yeyote.

Watu wa Pangani wanamjua mtu huyo. Mimi simtaji. Nanyi mliokaa hapa mmesikia kila mmoja alivyojitetea. Je, kati ya sonara, mama na mume, nani alistahili kunyimwa msamaha ule?