Ushuhuda wa Magoti

Wapendwa, nisikilizeni, na anayejijua atulie tu, asigeuke kumtazama jirani.

Palikuwa na mama mmoja, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao. Baridi yabisi ilimkamata magoti hata kuinuka kwenye benchi ikawa kazi. Jumapili moja akaombewa. Iliyofuata akasimama mbele, akaruka mara tatu, akasema, "Mungu kaniponya, sinywi tena hata kidonge!" Vigelegele! Kumbe asubuhi ile alishameza viwili vya kutuliza uvimbe, alivyovinunua duka la dawa la mtaa wa mbali, wasikomjua.

Tangu hapo angeonekanaje akichechemea? Viwili vikawa vinne. Ukaja mfungo wa siku saba, na kiongozi ni yeye. Chakula hakugusa, vidonge hakuacha. Siku ya tano alipata choo cheusi kama lami, na katikati ya maombi akaanguka.

Hospitalini mama mchungaji alikuwa amemshika mkono. Daktari, binti wa umri wa mwanawe, akauliza, "Mama, unatumia dawa yoyote ya maumivu?"

Jamani, ninyi mngejibuje? Uso ulimwaka moto. "Hapana, mwanangu. Mimi niliponywa."

"Mama, choo cheusi ulichotueleza ni damu inayovuja tumboni. Usinifiche. Dawa za viungo huzuia mwili kutengeneza kile kinacholeta uvimbe na maumivu. Lakini kitu hicho hicho hulinda ukuta wa tumbo na kuzisaidia figo. Ukizimeza ovyo, tena na njaa, tumbo linabaki bila kinga. Dawa si mbaya, ila inataka kipimo, inataka chakula, na daktari ajue."

Kifo alikiogopa, lakini aibu aliiogopa zaidi. Kizunguzungu kilipomrudia, ndipo akalia. "Vimo mkobani, chini ya Biblia. Nilidanganya madhabahuni."

Akangoja mama mchungaji auachie mkono wake. Hakuuachia. Kwa mkono wa pili alifungua mkoba wake mwenyewe, akatoa vidonge vile vile.

"Dada, siku ile uliyoruka nilijiuliza imani yangu ina kasoro gani, mbona mimi bado naumwa? Tangu hapo nameza kwa kujificha. Juzi nami nimeona choo cheusi, nikanyamaza."

Yule mama akageukia ukutani. Aibu ya kusema uongo alikuwa ameanza kuizoea. Hii ya kumponza mwenzake hakujua aiweke wapi.

Sasa sisi. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema kila siku. Lakini nani huwafundisha watu kuficha? Ni sisi tunaopigia vigelegele wanaoruka tu! Nami mhubiri wenu naona haya, maana sikumbuki lini nilimpa kipaza sauti mtu aliyekuja akichechemea. Mungu anaponya, wala hakutuomba tumsaidie kwa uongo. Kwa hiyo leo sitauliza nani amepona. Nauliza nani bado anaumwa, na anameza nini. Simameni, taratibu, kadiri magoti yatakavyoruhusu. Naanza mimi.